Kuokoa Kadi za Cardfile Zilizobaki Kwenye Flopi

Marehemu baba alikuwa na duka la spea za magari, na wateja wake wote aliwatunza katika Cardfile, programu iliyokuja pamoja na Windows tangu toleo la kwanza la mwaka 1985. Kwenye kioo zilionekana kadi zimepangana moja nyuma ya nyingine, kila moja ikiwa na mstari wa kichwa juu na nafasi ndogo ya maelezo chini yake. Alituachia flopi sita, zile diski bapa za zamani za kuhifadhia faili, na kwa yeyote aliyeachiwa mzigo kama huo, naeleza njia niliyopita.

Usifungue chochote kabla ya kunakili. Sogeza kile kijiplastiki cha pembeni mwa flopi ya inchi 3.5 mpaka tundu libaki wazi, ili kompyuta isiweze kuandika juu yake, kisha safisha kichwa cha draivu, yaani sehemu ya kifaa inayogusa flopi ili kuisoma. Hatua hii ya pili niliiruka, na uchafu ukaikwaruza flopi ya kwanza, ukaacha mduara mwembamba unaoonekana ukiiinua kwenye mwanga. Kadi zake sikuzipata tena, na hadi leo zinaniuma.

Majina ya faili za Cardfile huishia na CRD. Maandishi yake hayakufinywa, kwa hiyo hata programu ya kawaida ya kuandikia itakuonyesha herufi RRG mwanzoni, au MGC kwa matoleo ya zamani zaidi, halafu majina na namba katikati ya alama zisizosomeka. Kwa kadi chache hiyo inatosha. Kwa mamia ya kadi, weka Windows 3.1 ndani ya DOSBox, programu inayoiga kompyuta ya zamani, chagua printa ya Generic/Text Only, inayotoa maandishi tu, ielekeze kwenye FILE badala ya mashine, kisha uamuru Print All. Kadi zote zitatoka katika faili moja la maandishi matupu.

Cardfile hupanga kadi kwa alfabeti ya mstari wa kichwa. Kwa kuwa baba hakumtaja mtu bila heshima yake, kina Mzee wote walijazana kwenye M na mafundi wote kwenye F. Unapohamisha, tanguliza jina, lakini heshima ibaki: “Salum, Mzee”. Wala usifute kadi kwa sababu tu namba imekufa. Chini ya “Fundi Juma” baba aliandika: “Giaboksi. Hulipa Ijumaa baada ya swala. Asidaiwe mbele ya wanawe.” Namba yenyewe ina tarakimu tano na haipigiki tena, kadi nimeihamisha kama ilivyo.