Gita la mtu asiye na haraka

Assalaam alaikum Mhariri. Wiki hii mmeuliza: albamu ipi ya msanii mkongwe huchoki kuirudia, na ina nini hasa? Yangu ni On an Island ya David Gilmour, mpiga gita wa Pink Floyd, bendi ya roki ya Uingereza.

Ilitoka tarehe 6 Machi 2006, siku aliyotimiza miaka 60. Albamu yake binafsi iliyotangulia ilikuwa ya mwaka 1984, na katikati hapo alishughulika na bendi. Kwa hiyo huyu hakuwa mtu wa kutafuta jina tena, na unalisikia hilo tangu mwanzo. Sisi tuliokulia kwenye taarabu asilia halitupi tabu: albamu inafunguka kwa ala tupu, okestra na gita, kama bashraf inayopigwa kabla mwimbaji hajasimama. Gilmour anapiga noti moja, anaivuta, anaiacha mpaka iishe yenyewe, ndipo anaitafuta nyengine.

Wimbo uliobeba jina la albamu unakumbuka usiku mmoja Kastellorizo, kisiwa kidogo cha Ugiriki kilicho karibu kabisa na pwani ya Uturuki. Waimbaji wakongwe David Crosby na Graham Nash wanamwitikia. Maneno mengi ya albamu ameyaandika mkewe, Polly Samson, nayo ni maneno ya watu wawili wanaozeeka pamoja na bado wanapendana. Kwangu mimi mvuto wake uko hapo hapo. Roki tuliyoizoea ni ya kijana anayetaka kitu. Huyu anakitazama alichonacho, na anajua hakitadumu. Richard Wright, mwenzake wa Pink Floyd, anaimba nyuma yake katika The Blue. Wright alifariki mwaka 2008, na tangu hapo wimbo ule umenizidia uzito.

Hapa Unguja ukitaja roki utatajiwa Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen, na ni haki yetu. Alizaliwa hapa Mji Mkongwe Septemba 1946, miezi sita tu baada ya Gilmour. Lakini alifariki 1991, ana miaka 45. Sauti ile ya miaka 60 hatukuipata, na mimi hilo linaniuma kila nikiisikiliza albamu hii. Bi Kidude, Mungu amrehemu, tulimpata mpaka uzeeni kabisa, na watu walimfuata kwa ile ile sauti iliyokwaruzwa na umri.

Wapo wanaosema On an Island imepoa mno. Kishindo kweli hakina nafasi kubwa humo, ila katika Take a Breath, ambayo mimi huiruka. Asiyeizoea roki namshauri aanze na Smile, ambamo Polly mwenyewe anasikika akiitikia, kisha arudi mwanzo aisikilize yote kwa mpangilio wake, bila ya kuzichanganya nyimbo kwenye simu. Haifiki saa nzima.