Kabla Hujasema Udongo Wetu Una Viumbe Wachache au Wengi

Kwa miaka kadhaa nilipokuwa nikifundisha biolojia katika shule ya sekondari hapa Dar es Salaam, niliwaambia wanafunzi kwa uhakika kwamba, kwa kuwa misitu ya tropiki ina aina nyingi za miti na ndege kuliko nchi za baridi, udongo wake nao lazima uwe na viumbe wengi kuliko wa kwingineko. Nilikosea, na ushauri ninaowapa walimu wenzangu hapa umetokana na kosa hilo.

Mwaka 2019 jarida la Nature lilichapisha utafiti uliotumia sampuli 6,759 za udongo kutoka mabara yote ili kukadiria idadi ya nematodi, yaani minyoo wadogo mno, katika sentimita 15 za juu za ardhi. Makadirio yalifikia takriban nematodi bilioni 57 kwa kila binadamu aliye hai. Kilichonifanya nirudi darasani kujisahihisha ni mahali wanakoishi: asilimia 38 wako katika misitu na nyika za baridi zinazokaribia Aktiki, na asilimia 21 tu katika tropiki. Kule baridi huchelewesha kuoza, hivyo mabaki ya mimea hulimbikizana udongoni miaka na miaka. Kwetu joto na mvua huyamaliza upesi. Mkulima wa nyanya anayehangaika na minyoo fundo, yaani nematodi wanaoivimbisha mizizi, anaweza kufurahia habari hii, lakini nematodi wengi hawana habari na mizizi yake: wanakula bakteria na kuvu, na kwa kufanya hivyo huirudishia mimea naitrojeni.

Kwa hiyo, ukiwekewa mbele ramani ya viumbe hawa, uliza kwanza inahesabu nini, kwani wingi wa wanyama si wingi wa spishi, na mahali penye minyoo wengi si lazima pawe na aina nyingi. Kisha uliza sampuli zilichukuliwa wapi. Tadigradi, mnyama wa miguu minane ambaye kwa kawaida hafiki hata milimita moja, alielezwa na mchungaji Mjerumani, Johann Goeze, mwaka 1773, na tangu hapo Ulaya imechunguzwa kwa bidii kuliko sehemu kubwa ya Afrika. Spishi zinazojulikana zimepita 1,300, ila doa tupu juu ya ramani ya bara letu mara nyingi huonyesha mahali ambapo hakuna aliyetafuta. Naliona jambo hili kuwa zito, kwa sababu wanafunzi wetu husoma utupu huo kana kwamba ni umaskini wa ardhi yao.

Nami nusura niongeze doa jingine. Mara ya kwanza nilibandua mosi, ile mimea mifupi laini ya kijani, kwenye ukuta wa tangi la maji Kimara wakati wa kiangazi, nikailoweka, nikatazama baada ya dakika kumi, sikuona kitu, nikaimwaga. Sikujua kwamba mosi inapokauka tadigradi hujikunja kama kipipa, husimamisha karibu shughuli zote za mwili, na huweza kuhitaji saa kadhaa za unyevu ili azinduke. Siku hizi naloweka usiku kucha kwa maji ya mvua, kwani ya bomba huenda yana klorini; naikamua, naacha maji yatulie, kisha navuta mashapo ya chini kwa bomba la sindano na kuyatazama chini ya hadubini kwa ukuzaji wa mara 40. Rotifera, wanyama wengine wadogo mno wa majini, huonekana kwa urahisi zaidi. Tadigradi anataka subira.

Andika tarehe, mahali, kivuli au jua, ukuta au gome la mti, na uzito wa mosi uliyopima. Usipoona kitu, andika sifuri pamoja na muda uliotazama. Hifadhi mosi kavu katika bahasha ya kaki, kamwe si mfuko wa plastiki, maana unyevu wa Dar es Salaam utaiotesha ukungu. Watafiti wa Japani walizindua mwaka 2014 tadigradi kutoka mosi ya Antaktika iliyogandishwa tangu 1983, naye akataga mayai. Bahasha yangu ya mosi kutoka Pugu ilikaa kabatini kuanzia Januari hadi Juni tu, na asubuhi niliyoitazama alikuwapo mmoja, akitambaa taratibu juu ya chembe ya mchanga.