Barua kwa mwanangu aliyepewa nafasi ya bawabu

Mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Unasema baada ya miaka 7 jukwaani ulitarajia kupewa nafasi ya Macbeth katika tamthilia ile ya Shakespeare, au walau ya Banquo rafiki yake, na mwongozaji wenu akakupa bawabu mlevi, anayetokea mara moja tu na kutoweka. Ndipo ukauliza: mtu wa kuchekesha ana kazi gani ndani ya tanzia iliyojaa damu? Chini kabisa, kwa mwandiko mdogo, ukaongeza jambo ambalo naona umelibeba muda mrefu: kwamba hujasahau tulivyocheka usiku wa msiba wa baba yako, na hujui hadi leo tuliwezaje.

Naanza na hilo la mwisho, maana jibu la bawabu limo humo.

Siku ile kutwa nzima watu walimsifu baba yako. Mpole, mwenye busara, asiye na baya na mtu. Walisema kwa upendo, lakini kadiri sifa zilivyozidi ndivyo mume wangu alivyozidi kunipotea. Yule waliyemsifu angeweza kuwa mume wa yeyote. Kisha baba yako mdogo akaliona lile kopo juu ya kabati. Unalikumbuka: kila baba yako alipofungua redio, feni au saa ili aitengeneze, skrubu mbili tatu zilibaki, naye alizitia humo akisema mafundi wa kiwandani hupenda kuzidisha. Baba mdogo akalimimina mezani, likatoa rundo. Tukatazamana. Tukavifikiria vyombo vyote vya nyumba ile, vinavyofanya kazi huku kila kimoja kimepungukiwa na kitu, tukacheka mpaka mbavu zikauma na machozi yakageuka yakawa yale mengine. Kwa dakika ile alikuwa amerudi chumbani, yeye na si mwingine. Wewe ulikuwa na miaka 15. Ulitoka nje ukabamiza mlango. Sikukulaumu, ila sikukufuata, na hilo nalijutia.

Chekhov, mwandishi wa Urusi, alilijua jambo hili. Tamthilia yake ya mwisho, The Cherry Orchard, iliyoonyeshwa mara ya kwanza Moscow mwaka 1904, yeye aliiita komedi; Stanislavski aliyeiongoza akaiona ni tanzia, na hawakuafikiana. Kuna mahali Lopakhin anaachwa chumbani na Varya ili amchumbie. Nyumba nzima inajua, naye mwenyewe amekubali. Badala yake wanaongea juu ya baridi ya nje, na Varya anasema kipimajoto chao kimevunjika. Lopakhin anaitwa, anaondoka, na posa imekufa hapo hapo. Niliwahi kuuona mchezo huo ukichezwa kwa kilio mwanzo hadi mwisho, ukanichosha. Nilipouona tena, hadhira ilikicheka kile kipimajoto, kisha kicheko kikakatika chenyewe, ukumbi ukawa kimya. Ni mara hiyo ya pili ndipo nilipojua Varya amepoteza nini.

Sasa bawabu wako. Tazama anaingia wakati gani. Macbeth ametoka kumuua mfalme Duncan usingizini, mgeni ndani ya nyumba yake. Mikono yake na ya mkewe imelowa damu. Langoni hodi inapigwa, inapigwa tena, nao wanakimbilia kunawa. Wewe hapo ndipo unapojikokota kutoka usingizini, unajifanya mlinda mlango wa jehanamu, unawakaribisha wateja wako mmoja mmoja: mkulima aliyejinyonga, mjanja wa kuapa kwa ndimi mbili, fundi cherehani aliyeiba kitambaa. Watu watacheka. Lakini nyumba ile kweli imekuwa jehanamu tangu usiku huo, na katika watu wote waliomo ni wewe peke yako unayeitaja kwa jina lake, bila kujua. Hiyo ndiyo nafasi unayoiita ndogo.

Hata Coleridge, mshairi mkubwa na msomaji makini, alikataa kuamini kwamba maneno yale ni ya Shakespeare. Aliona mtu mwingine kayatia ili kuwafurahisha watu wa kawaida. Naamini alikosea. De Quincey, mwandishi wa Kiingereza, alikaribia zaidi mwaka 1823, alipoandika kwamba mauaji yale yanausimamisha ulimwengu, na zile hodi ndizo zinazotuambia kwamba maisha ya kila siku yanarudi. Mimi naongeza kitu ninachokijua kwa kukaa ukumbini: tangu Macbeth ashike jambia, hadhira imebana pumzi. Mtu aliyebana kifua hapokei kitu. Bawabu anawafanya wacheke, vifua vinafunguka, na muda mfupi baadaye Macduff, aliyekuwa akipiga hodi, anatoka ndani akipiga ukelele kwamba mfalme ameuawa. Msiba unawakuta wakiwa wazi. Na huyo Macduff, uliyemfungulia lango wewe, ndiye atakayemuua Macbeth mwishoni.

Usidhani nasema kila kicheko ni chema. Nilipokuwa nafundisha fasihi niliwaandikia wanafunzi mchezo mfupi wenye mhusika mwenye kigugumizi. Kila akifungua mdomo, ukumbi ulivunjika mbavu, nami nilisimama kando ya pazia nikijivunia kazi yangu. Nyuma kabisa alisimama mzee mfanya usafi wa shule, mwenye kigugumizi. Kabla ya siku ile alikuwa akinisalimia kila asubuhi kwa taabu na kwa furaha, akilipigania kila neno. Baada ya hapo alinisalimia kwa kuinua mkono tu. Nilimwomba radhi, aliipokea kwa kutikisa kichwa, sauti yake hakunirudishia. Nilikuwa nimewafundisha watoto kukicheka kitu ambacho mwenyewe hawezi kukiacha.

Ndiyo maana kisa cha Socrates, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, hakinitoki kichwani. Mwaka 423 KK, Aristophanes, mtunzi wa komedi, alimweka jukwaani akining'inia ndani ya kapu, bingwa wa kuwafundisha vijana kuugeuza uongo uwe kweli. Athens ilicheka. Mwaka 399 KK Socrates alisimama mbele ya mahakama, na kwa jinsi mwanafunzi wake Plato alivyoiandika hotuba yake ya kujitetea, alisema washtaki anaowaogopa zaidi ni wale wa zamani, waliowajaza watu maneno tangu wakiwa watoto, na akautaja mchezo ule wa kuchekesha. Miaka 24 ilikuwa imepita. Sisemi komedi ndiyo iliyomuua. Nasema kicheko kilikuwa kimeshakaa vichwani mwa watu kabla hata ya ushahidi kuletwa.

Kwa hiyo unapoifanya kazi hii jiulize unamchekesha nani na nani anabaki nyuma ya ukumbi. Bawabu ana bahati: anayechekwa ni yeye mwenyewe pamoja na ulimwengu wenye waongo wakubwa kuliko yeye.

Kuhusu uchezaji, machache. Mlevi hachezwi kwa kuyumba. Mlevi wa kweli anatumia nguvu zake zote asiyumbe, na jitihada hiyo ndiyo inayochekesha. Usiwaonyeshe watu kwamba unajua ni kichekesho. Yule mwenye ndimi mbili anayedhihakiwa humo, watazamaji wa mwaka 1606 hivi walimtambua mara moja, kwa sababu kesi za njama ya mwaka 1605 ya kumlipua mfalme wa Uingereza kwa baruti bungeni, ambamo washtakiwa walilaumiwa kwa viapo vya ndimi mbili, bado zilikuwa midomoni mwa kila mtu. Watazamaji wako hawatamtambua, na sauti kubwa haitawasaidia. Mzaha huchacha upesi kuliko kilio. Kisichochacha ni mtu aliyelala vibaya, anayetaka kurudi kulala, na mlango unaogongwa bila huruma. Cheza hicho. Na kati ya hodi moja na nyingine usikimbilie neno linalofuata. Ngoja mpaka ukumbi wote uanze kuisubiri hodi pamoja nawe.

Nitakuja usiku wa pili, hofu ya kwanza ikiwa imekutoka. Kopo la baba yako bado liko juu ya kabati. Bawabu hakosi vyuma mfukoni, kwa hiyo ukitaka kitu cha kushika wakati unatafuta ufunguo wa lango, niambie nikuletee skrubu mbili tatu.

Mama yako