Ami yako na funguo za lori

Mwanangu Zuwena,

Waalaikumu salaam. Umeuliza ami yako, tangu ashikwe na shambulio la moyo akawekewa stenti, kile kijibomba cha kupanua mshipa wa moyo, Dar es Salaam, akae siku ngapi kabla ya kurudi kwenye lori. Mwanangu, siku hazipimi moyo.

Siku zipo, sikufichi. Uingereza dereva wa lori aliyepata shambulio la moyo hukaa wiki 6 kwa uchache; Marekani mwongozo wao uliwahi kutaja miezi 2. Misuli iliyokosa damu inageuka kovu, na mwanzoni mapigo huvurugika upesi. Lakini wiki 6 zikitimia ndipo Waingereza wanapoanza kumpima, hawampi funguo. Kwenye eko, kile kipimo cha kuupiga moyo picha kwa mawimbi ya sauti, chumba cha kushoto cha moyo kisukume asilimia 40 ya damu yake au zaidi kwa kila pigo. Kisha atembee kwenye mkanda wa mashine ya mazoezi unaozidi kasi na mwinuko kila dakika 3, afike dakika 9 bila kifua kubana.

Hicho cha mkanda ndicho nikitakacho mimi, maana lori si usukani peke yake. Kuna turubai, kuna tairi la kubadili, na utingo asipotokea kuna mifuko ya saruji ya kilo 50. Mjomba wako, naye wa moyo, si alihesabiwa siku? Mwenye gari akafika siku ya 14, akamkabidhi funguo. Usukani aliuweza. Alianguka Mkoani, Pemba, akivuta kamba ya turubai, na yule bwana akauliza mzigo utashushwa na nani! Mpaka leo nikimwona navuka barabara.

Haya, na watoto wa ami yako wale nini? Hata Uingereza, stenti ikikaa vizuri na moyo ukiwa na nguvu, gari ndogo ya nyumbani mtu huweza kuiendesha baada ya wiki 1. Labda nazidisha. Lakini gari ndogo haina saruji, na siku hazipimi moyo.

Aspirini na klopidogreli, dawa za kuzuia damu kuganda, asiziache hata siku moja bila daktari wake kusema, stenti mpya huziba. Kama ana dawa ya kutoa maji mwilini, muulize kweli anaimeza. Madereva huiruka kwa kuona tabu kusimama njiani kukojoa, mapafu yakajaa. Ile dawa ya kifua kubana, ya kuweka chini ya ulimi, hushusha presha ghafla: asimamishe gari kwanza, akae, ndipo aiweke.

Arudi, asirudi, atasema daktari wake, mimi simo. Ila mwenye lori kanipigia juzi akitaka namba mpya ya ami yako. Nimemwambia alete kwanza nauli ya kwenda kupima eko.

Mama yako