Nimejiundia baiskeli ya graveli ya karboni hapa hapa Mombasa, haya ndio nataka uyajue kabla hujatoa pesa

Jumamosi moja asubuhi niliibeba baiskeli yangu mpaka kwa jamaa anaeuza samaki hapa mtaani, nikamuomba anipimie. Ana ile mizani ya kutundika yenye ndoano. Tukaitundika kwa kiti, ikayumba yumba, alafu mshale ukatulia kwenye kilo 8.9, pedali zikiwemo. Akaigonga fremu kwa kucha akaniuliza, "Hii ni plastiki?" Nikamwambia ni karboni, nyuzi zilizogandishwa kwa gundi. Akainyanyua kwa mkono mmoja, akairudisha chini polepole kama mtu aliepewa mtoto mchanga.

Nimeiunda kipande kwa kipande kwa miezi saba, na pesa zote pamoja na usafiri na ushuru ni shilingi 218,000. Najua ni pesa nyingi, wako watu wanajengea chumba kwa pesa hio. Lakini baiskeli ya aina hii iliokuja tayari, ya karboni na gia za kisawasawa, bei nilizotajiwa mimi zilianzia laki nne. Toka nianze kuonekana nayo barabarani watu wananisimamisha wananiuliza nimefanyaje, kwahivyo wacha niandike yote mara moja.

Kwa asiejua, graveli ni baiskeli yenye usukani uliokunjwa kama wa resi lakini fremu yake inapokea tairi nene, milimita 40 mpaka 45, na breki zake ni za diski. Ni baiskeli ya changarawe, jina lenyewe lasema. Na kwa sisi watu wa pwani sioni inayofaa kuliko hio, maanake ukivuka feri ya Likoni ukapanda ule mlima wa Kombani kwenda Kwale haichukui muda ushaacha lami uko kwenye udongo mwekundu, na upande wa Rabai na Kaloleni ni mawe na vumbi. Tairi nyembamba za resi zinakutesa huko, na mauntenibaiki, ile ya milimani, inakumaliza nguvu kwenye lami kabla hujafika.

Sasa jambo la kwanza, na kwangu mimi ndio kubwa kuliko yote: usinunue hata nati mpaka ujue fremu yako inataka nini. Mi nilianza kinyume. Niliona krenki (ile mikono inayoshika pedali) ya mtumba pamoja na BB yake, bei nzuri, nikachukua. BB ni zile beringi mbili za chini ambapo krenki inazungukia, na ile nilionunua ilikuwa ya presi, ya kupigiliwa, haina uzi kama wa nati. Fremu ikaja ya uzi, BSA, upana milimita 68. Krenki ilinifaa lakini BB iko kwenye droo mpaka leo na nikanunua nyingine kwa 2,500. Na hata ningekuwa sijafanya kosa hilo bado ningekwambia chagua fremu ya uzi, kwasababu ya presi mchanga na unyevu ukishaingia inaanza kulia kila unapokanyaga, na kuitoa yataka zana ambazo mafundi wengi wa mtaani hawana. Ya uzi inafunguka kwa spana yake, unasafisha, unapaka grisi, unarudisha, basi. Iko pia T47 ambayo ni ya uzi vilevile ila pana zaidi, si mbaya, lakini spea za BSA ndio rahisi kupata.

Kabla hujalipia fremu chukua karatasi, muulize muuzaji moja moja na uandike majibu: BB gani, shimo la kiti ni milimita ngapi (27.2 ni nzuri maana zimejaa), ekseli za magurudumu saizi gani (nyingi siku hizi ni 12 kwa 100 mbele na 12 kwa 142 nyuma), breki zinafungwaje (flati maunti, ile breki inayolala bapa kwenye fremu, ndio ya kawaida kwa graveli), tairi ya mwisho kuingia ni ngapi. Alafu kuna swali moja watu hawaulizi kabisa, uzi wa ekseli. Ekseli mbili zinaweza kulingana urefu na unene lakini uzi mmoja ni wa 1.0, mwingine 1.5, mwingine 1.75, na haziingiliani. Ukipoteza ekseli yako na hujui uzi wake, baiskeli imelala. Na henga, kile kipande kidogo cha alumini kinachoshika gia ya nyuma, nunua viwili siku hio hio unayonunua fremu, kwasababu baiskeli ikianguka upande wa kulia hicho ndicho kinachopinda, na mahenga ya fremu za kawaida kila moja ina umbo lake. Kama fremu inapokea ile henga ya UDH ilioletwa na SRAM, kampuni ya gia, mwaka 2019, afadhali zaidi, hio inaingiliana fremu nyingi.

Fremu yangu imetoka China, mji wa Xiamen, ambako viwanda vingi vya karboni viko. Haina jina la mtu. Ndugu yangu, nakuomba, ukiona fremu ina jina kubwa la Ulaya au Marekani na inauzwa robo ya bei, hio ni feki, wachana nayo, maana mtu alieweza kudanganya jina atashindwa vipi kudanganya karboni ya ndani? Bora isio na jina kutoka kwa mtu anaekubali kukuonyesha karatasi za majaribio ya ISO 4210, hicho ndicho kiwango cha usalama wa baiskeli. Ikifika mulika tochi ndani ya bomba zote uangalie kama kuna mikunjo au vipande vilivyoachana, alafu gonga na sarafu kila mahali taratibu usikilize. Mlio ukibadilika ghafla ukawa mzito kama umegonga kadibodi, piga picha urudishe.

Ushuru pia niuseme. Hawapigi hesabu kwa bei ya fremu peke yake, ni bei na usafiri na bima kwa pamoja, alafu ndio ushuru unakuja na VAT ya asilimia 16 na ada nyingine. Mi nilitenga elfu kumi kwa usafiri na ushuru ikawa 27,000 na nikakaa wiki tatu natafuta iliobaki.

Gia. Hapa watu wanapotea sana, nami kidogo nipotee. Lever za resi, ile mikono ya breki na gia kwenye usukani, za kampuni ya Shimano na gia ya nyuma ya mauntenibaiki ya Shimano za spidi 11 haziendi pamoja, hata kama zote zimeandikwa 11, kwasababu kila mmoja anavuta waya kwa kipimo chake, utaisawazisha mpaka alfajiri na cheni itaruka tu. Mi nilichukua lever za mtumba za 105 R7000, gia ya nyuma ya GRX RX812 ambayo ni ya graveli na inakubaliana nazo, zote za Shimano, na kaseti (yale meno ya gurudumu la nyuma) ya 11 mpaka 42. Mbele nina meno 40 peke yake, sina gia ya mbele. Ule mlima wa Kwale napanda nimekaa, natoa jasho lakini napanda. Lever zile ni za breki za waya na hilo nililitaka makusudi, breki ni TRP Spyre ambazo zinabana diski pande zote mbili kwa waya wa kawaida. Za mafuta zina nguvu zaidi sikatai, lakini waya ukikatika Kinango utapata waya, mafuta ya breki ya baiskeli utayapata wapi?

Kama una pesa ya kuongeza mahali pamoja tu, weka kwenye magurudumu na tairi. Watu wanahangaika na bolti za titani za kuokoa gramu 20 alafu wanafunga tairi ngumu kama ubao. Magurudumu yangu ni ya alumini, gramu 1,700 jozi, shilingi 28,000. Tairi ni za tyublesi, hazina mpira ndani, zina dawa ya maji maji inayoziba tundu yenyewe. Miiba ya migunga ya upande wa Mariakani imenitoboa mara nyingi nikaona tu doa jeupe linalowa kisha limekauka. Mi nina kilo 72 najaza upepo PSI 32 mbele na 35 nyuma. Ila joto letu linaikausha dawa mapema, kila miezi miwili fungua uangalie, usingoje ikulaze njiani.

Kuunganisha nilifanya mwenyewe isipokuwa kukata shingo ya foku, ule uma unaoshika gurudumu la mbele. Kwa hilo nilienda kwa fundi mmoja mzee wa Majengo ambae ameshika baiskeli kabla mimi sijazaliwa. "Shikamoo babu." "Marahaba mwanangu, leta nione." Akaigeuza geuza foku, akaniambia hajawahi kukata ya karboni lakini kukata ni kukata. Alafu akakataa kukata. Akafunga stemu, kile kipande kinachoshika usukani, akaweka washa zote (zile pete za kuuinua) chini yake, akasema, "Nenda ukaendeshe wiki nzima, ukishajua mgongo wako wataka nini urudi. Pima leo, kata kesho." Nikaendesha wiki, nikashusha stemu kwa washa mbili, nikaendesha tena, nikarudi. Nilitaka kukata pale pale siku ya kwanza na lau tungekata usukani ungekuwa chini sana kwangu, na karboni ukishaikata hairudi.

Tulikata hivi: tepu ya karatasi tumezungusha pale pa kukatia, kalamu juu yake milimita 3 chini ya ukingo wa juu wa stemu, msumeno wa chuma wenye meno madogo kabisa, blade mpya. Mimi nashika chupa namwagia maji tone tone, yeye anakata bila kukandamiza, anageuza foku kidogo kila baada ya muda ili asitokezee upande mmoja akachana nyuzi. Sote tumevaa barakoa, kwasababu vumbi lile si la kuvuta. Likichanganyika na maji linakuwa jeusi kama masizi ya sufuria, linashuka kwenye beseni. Dakika kumi na tano. Akapitisha msasa laini, akapaka gundi nyembamba pale juu kuziba nyuzi. Na ndani hatukupigilia ile nyota ya chuma, karboni haitaki, kuna plagi yake inayotanuka.

Spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, ni lazima. Yangu 4,500. Kila bolti ya stemu na kiti imeandikwa kipimo, mara nyingi ni nyuton mita 4 au 5, ambacho kwa mkono ni kidogo kuliko unavyodhani. Kiti kikishuka shuka usikaze zaidi, paka ile pesti ya karboni yenye chenga chenga kama mchanga laini, inashika bila kukazwa sana. Nimeona mtu amekaza mpaka bomba likapasuka.

Sasa chumvi. Hapa nataka unisikilize vizuri zaidi maana ushauri mwingi unaousoma umeandikwa na watu wanaokaa mbali na bahari. Watu wanasema karboni haishiki kutu, kweli, lakini inapitisha umeme, na ukiigusanisha na alumini alafu hewa ya chumvi ikaingia katikati, inakuwa kama betri na alumini ndio inaliwa. Rafiki yangu anaekaa Tudor alikuwa na fremu ya karboni yenye bomba la kiti la alumini, hajalitoa miaka miwili. Siku anataka kushusha kiti halisogei. Nilikuwepo. Pembeni mwa klempu, kile kibano cha kiti, kulikuwa na unga mweupe kama wa muhogo. Tukamwaga mafuta, tukangoja usiku kucha, kesho yake wanaume wawili tukashika kiti tukazungusha, tukasikia ka! na ufa ukashuka kutoka kwenye klempu kama sentimita nane. Fremu ikafa palepale, kaka wa watu akakaa chini kwenye sakafu hakusema kitu.

Kwahivyo bomba langu la kiti ni la karboni, na kila miezi mitatu nalitoa, nafuta, napaka pesti upya. Vinati vinavyoshika spoku kwenye rimu nilichagua vya shaba njano badala ya alumini, ni gramu chache zaidi lakini alumini hapa haidumu. Bolti zote nimepaka grisi kwenye uzi, na za stemu nimebadilisha nikaweka stenlesi. Beringi za hedseti, pale usukani unapozungukia, nilizifungua zikiwa mpya nikaongeza grisi, maana zilikuja karibu kavu. Msimu wa kusi, kama unakaa karibu na bahari, usiiache barazani, iingize ndani.

Na kuosha, jamani, musioshe kwa maji ya kisima. Visima vingi vya kisiwani ni maji ya chumvi, unaondoa vumbi unaweka chumvi. Mi natumia maji matamu, lita mbili tatu zinatosha, kitambaa na sabuni kidogo, alafu nafuta mpaka ikauke na tone la mafuta kwenye kila pingili ya cheni. Nyuma ya mlango wa kabati nimeandika tarehe kwa makapeni, lini nilitoa kiti, lini niliongeza dawa ya tairi, lini nilifungua BB. Kiti kinatoka tena Ijumaa hii, kabla masika haijaanza.