Anatembea au Anakimbia? Maswali Yenu ya Riadha

Maswali ya safari hii hayahusu marathoni ya mkimbiaji wetu Alphonce Simbu. Mengi yanahusu vijana wanaoshindana kutembea kwa kasi uwanjani, kwa hiyo leo nimeanza na hao.

Tumeona video ya vijana wa chini ya miaka 20 wakitembea uwanjani huku viuno vinazunguka. Kijiwe kizima kilicheka. Kwa nini wasikimbie tu? (Msomaji, Sombetini, Arusha)

Chekeni, kisha chukueni saa. Agosti 2021 pale Kasarani, Nairobi, kwenye mashindano ya dunia ya chini ya miaka 20, Mkenya Heristone Wanyonyi alishinda mita 10,000 za kutembea kwa dakika 42 na sekunde 10.84. Ni mizunguko 25, kila mmoja kwa wastani wa dakika 1 na sekunde 41. Nendeni uwanja wa Sheikh Amri Abeid mkimbie, nasema mkimbie, kwa mwendo huo, halafu mniambie mmefika mzunguko wa ngapi. Amit Khatri wa India alikuwa wa pili, na Paul McGrath wa Hispania wa tatu.

Hicho kiuno mnachokicheka kina kazi. Sheria inamnyima mtembeaji kukunja goti kama mkimbiaji, basi urefu wa hatua anautafuta kwenye nyonga.

Sheria yenyewe inasemaje? Na kwa nini wasiweke kamera ubishi ukaisha? (Baba wa mwanariadha, Ngaramtoni)

Mzee wangu, sheria ni mbili. Ya kwanza, mguu mmoja lazima uwe chini wakati wote. Miguu yote miwili ikiwa hewani, huko ni kukimbia. Ya pili, mguu wa mbele unyooke gotini tangu unapogusa ardhi mpaka mwili upite juu yake.

Waamuzi husimama kuzunguka uwanja, kila mmoja akiamua peke yake. Akiona mtu anakaribia kukosea, humwonyesha kibao cha njano chenye alama ya kosa: mstari wa mawimbi ni kuachana na ardhi, alama ya pembe ni goti. Akiwa na hakika, anaandika kadi nyekundu. Mwamuzi mmoja hawezi kumpa mtembeaji yule yule kadi nyekundu mbili, kwa hiyo hakuna anayeondolewa na jicho la mtu mmoja aliyemchukia. Kadi tatu zikifika, mashindano yenye eneo la adhabu humsimamisha kando dakika 1 kwa mbio za mita 10,000. Ya nne ikija, safari imeisha. Pasipo na eneo hilo, tatu zinatosha kumtoa. Na mwamuzi mkuu anaweza kumtoa mtu hata kwenye mita 100 za mwisho kosa likiwa wazi, na hapo ndipo wazazi hulia jukwaani.

Kuhusu kamera, ukipunguza kasi ya picha utawaona hata mabingwa wakiwa hewani kwa kufumba na kufumbua. Ndiyo maana sheria inataja jicho la binadamu. Mimi naiunga mkono, kwani kwa kamera sijui nani angebaki uwanjani.

Shikamoo kocha. Nina miaka 17, nasoma Moshi. Nakimbia mita 5,000 na kila mara naburuza mkia. Mwalimu wa michezo anasema nihamie kutembea. Ananifukuza kiaina? (Mwanafunzi, Pasua)

Marahaba, mwanangu. Huenda anakufukuza, lakini amekufukuzia pazuri. Umri wako unafaa kwa mashindano ya dunia ya chini ya miaka 20: miaka 16 hadi 19, ikihesabiwa ifikapo Desemba 31 ya mwaka wa mashindano. Jefferson Pérez wa Ecuador alikuwa bingwa wa dunia wa vijana mwaka 1992 huko Seoul, na 1996 akachukua dhahabu ya kilomita 20 Atlanta, medali ya kwanza ya Olimpiki kwa nchi yake. Mwaka 2024 Brian Pintado, Mwekwado mwenzake, akashinda umbali huo huo Paris. Nchi ikishapata wa kwanza, wengine huona njia.

Anza polepole, mtu akutazame magoti kutoka ubavuni. Misuli ya mbele ya ugoko itakuuma mwanzoni. Ikiuma sana, pumzika. Ukizoea makosa mapema ukiwa na kasi, kuyatoa ni kazi.

Tunaweza kufanyia mazoezi barabara ya Moshi–Arusha alfajiri? (Kikundi cha vijana, Usa River)

Hapana. Malori. Tena mteremko unakurusha, miguu inaachana na ardhi bila wewe kujua. Tafuteni uwanja wa shule ulio tambarare.

Viatu gani? (Msomaji, Majengo, Moshi)

Vyepesi, soli nyembamba, kisigino kifupi. Ukienda soko la Memorial kutafuta mtumba, kikunje kwa mkono: kikigoma kukunjika mbele, mrudishie mwenye duka.