Mdoli wa oda na mdoli wa nyumbani

Miezi minane ya mwanzo nilishona midoli sebuleni, binti yangu wa miaka minne akiwa amekaa miguuni pangu, na hakuna hata mmoja uliokuwa wake. Akinyoosha mkono namwambia, "Acha, huo wa mteja." Jioni moja akaja kusimama mbele ya cherehani akaniuliza, "Mama, na mimi nikiweka oda utanishonea?"

Nilimshonea usiku uleule kwa mabaki ya kitenge. Siku ya tatu mkono umeng'oka. Nilidhani ni utundu, kumbe alikuwa anambeba mgongoni, kamfunga kwa khanga yangu, na akitaka kumleta mbele anamvuta mkono, kama anavyomwona jirani yetu akifanya na kichanga chake. Mimi mikono nilikuwa naipachika kwa sindano ya mkono baada ya kujaza mwili. Tangu siku hiyo naiingiza ndani ya mshono wa bega kabla ya kufunga ubavu, na cherehani inapita mara mbili. Halafu kila mdoli ukatoka na mbeleko yake, kipande cha khanga kilichopindwa pembeni. Mwenzangu unayeanza, usinione fundi: mbeleko ndiyo inayouza, mdoli unaifuata.

Bibi yangu, Mzaramo wa Kisarawe, alipouona alicheka sana. Akasema mwali wa zamani akiwekwa ndani alikuwa na mwana hiti wake, kigogo kidogo cha mti chenye kichwa na nywele za kuchongwa, anakitunza na kukipaka mafuta kama mwanawe. Mikono hakina. Wazee waliona mbali.

Vitambaa visikuumize kichwa. Usikimbilie kununua doti nzima Kariakoo wakati fundi wa mtaani kwako anatupa vipande kila siku. Mwachie kiroba Jumatatu, kachukue Jumamosi na soda yake mkononi. Lakini kifue kila kipande kabla ya kukata. Niliwahi kuvalisha gauni jekundu juu ya mwili wa merikani, mteja akafua, mdoli ukanirudia na kifua cha waridi. Macho darizi kwa uzi, usiweke vifungo. Kifungo kikichomoka, mtoto mdogo anakipeleka mdomoni. Nywele natumia uzi mweusi wa kusukia, na mtindo unaopendwa ni twende kilioni, labda kwa sababu ndio mama zao wanaosuka asubuhi wakiwa na haraka.

Kwenye kujaza ndiko wengi wanakoharibu. Shingo ikijazwa kivivu, baada ya wiki mdoli unainama kama mlevi. Sukuma pamba kidogokidogo kwa kijiti cha mshikaki, upande usiochongoka, mpaka shingo iwe ngumu kuliko unavyodhani inatakiwa, ndipo uendelee na kifua. Mimi nilianza na sufi kwa kuwa ilipatikana rahisi, na mito yetu ya utotoni ilikuwa ya sufi. Sasa jaribu kufungua mfuko wa sufi ndani ya nyumba yenye feni. Tuliikuta kwenye maharage, tukaikuta kwenye chandarua, na mtoto wangu mkubwa, ambaye kifua chake kinabana, alikohoa usiku kucha. Tena sufi ikilowa inashikana mabonge na haikauki upesi, na mdoli wa mtoto lazima utafuliwa. Nikahamia pamba nyeupe ya mito inayouzwa kwa kilo. Hata hiyo naijazia barazani, pasipo na upepo, nimevaa barakoa.

Sindano na pini zihesabiwe. Nikianza na sita, nafunga kazi na sita, na ikipungua moja hakuna anayekanyaga sebuleni mpaka ionekane. Nina sumaku niliyoitoa kwenye spika mbovu. Naipitisha sakafuni, kisha juu ya kila mdoli kabla haujafungwa kwenye mfuko.

Bei sasa. Mdoli wangu wa kwanza niliuza shilingi 8,000 nikarudi nyumbani naimba. Nilipokaa na daftari, pamba, uzi, kitambaa na nauli vilikuwa vimekula 5,500. Kazi ya jioni mbili ililipwa 2,500. Leo nauza 25,000, na anayesema ghali namwelewa, ila sishushi. Kosa lililoniumiza zaidi lilikuwa mali kauli: duka moja lilichukua midoli 40 kwa ahadi ya kulipa ikiuzwa. Ili niimalize, nyumba nzima ilikula chipsi wiki mbili, na baba watoto aliyekuwa akinikatia vipande kwa moyo mweupe akaanza kuchelewa kurudi. Baada ya miezi minne nikarudishiwa midoli 23. Ilikuwa imekaa dirishani, magauni yamepauka upande mmoja tu, ule wa jua.

Ndipo tukakaa tukapanga, na baba watoto ndiye aliyesema kwanza. Cherehani inafunikwa saa kumi na moja jioni, inafunuliwa watoto wakishalala. Jumapili haiguswi. Meza ya chakula haiwekwi uzi. Kazi za watoto ni zile wanazoziomba wenyewe, kama kuchagua rangi ya gauni. Niliwahi kumpa mkubwa zamu ya kugeuza mikono ya midoli, na ndani ya siku chache akaanza kuichukia midoli. Kwa kweli mpango huu tunauvunja, hasa Idi na Krismasi zikikaribia, lakini sasa anayeuvunja anajua anauvunja na anaomba radhi.

Oda napokea sita kwa wiki, nusu ya pesa kwanza, zinaandikwa kwenye daftari la mistari. Ukurasa wa mwisho ni wa binti yangu. Wiki hii ameandikisha mdoli wa kiume mwenye kanzu, na kofia ya vito kama ya babu yake, ile yenye vitundu. Kanzu nimeshakata. Kofia ya kichwa kikubwa kama ndimu, vitundu vyake nitavitoboa vipi, bado nahangaika nayo.